Mgodi wa Chini ya Ngome

Kuna harufu moja ambayo huikuta chini ya ardhi tu: hewa baridi ya kiyoyozi, vumbi la plasta, na unyevu kidogo kwa mbali. Juzi ilinipata nikishuka kwenye maegesho ya chini ya jengo ninalofanyia kazi, kule Silicon Oasis, mikono imejaa mifuko ya sokoni, binti yangu akinitangulia kwenye gari. Nikasimama katikati ya njia mpaka mwenye gari nyuma yangu akapiga honi na kuniuliza kwa ishara kama ninaumwa. Siumwi. Nilikuwa nimerudi tu kimawazo mwaka ule Kukhu alipokuja Dubai, nami nikampeleka kumwonyesha mgodi wa dhahabu.

Kukhu ni mamake Mama. Kwetu Kakamega ndivyo nyanya anavyoitwa, ila mimi kwa miaka mingi niliamini ni jina lake yeye peke yake, alilobatizwa nalo. Nilikuwa simjui ila kwa picha na kwa sauti ya simu, na sauti yenyewe ilikuwa kubwa mno, kama ya mtu asiyeamini kwamba simu inafanya kazi na ameamua kupiga kelele hadi afike Dubai mwenyewe.

Tuliishi Discovery Gardens, familia nzima chumba kimoja, na chumba cha pili cha nyumba hiyo walikaa wasichana wa Nairobi waliofanya kazi hotelini pamoja na Mama. Baba alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi. Mwaka huo walimhamishia mbali huko jangwani, akawa anaonekana Ijumaa tu. Halafu jirani yetu Mganda, aliyekuwa akinitazama Mama akiwa kazini, visa yake ikaisha akarudi kwao. Mama akawa anabembeleza zamu kwa wenzake kila wiki, na zamu zikimshinda nilibaki na msichana yeyote aliyekuwa amelala chumba cha pili, nikitazama katuni za Kiarabu kwa sauti ya chini nisimwamshe. Mimi sikuona tabu yoyote. Katuni zilikuwa nzuri, na wasichana walikuwa na biskuti.

Kisha nikaona sanduku. Lilikuwa chini ya kitanda, na ndani yake zilikuwa nguo zangu zimekunjwa vizuri, hata zile za kanisani. Siku hiyohiyo nikasikia msichana mmoja akimwambia mwenzake jikoni, "Nyanyake anakuja kumchukua. Woiye, tutammiss." Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mimi mgeni huyu nilimngoja jinsi mtu anavyomngoja daktari wa meno.

Akafika, amevaa koti zito la kanisani, ameleta unga wa wimbi, njugu na mboga zilizokaushwa zilizofungwa kwenye vitambaa. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanigeuza, akatazama na upande wa nyuma. "Miguu laini," akasema. "Hii haijakanyaga udongo." Nikajua nimekwisha. Mtu anayekagua miguu anataka kuipeleka mahali.

Jambo la pili lililonitisha ni Baba. Kwa desturi yetu mama mkwe halali nyumba ya mkwewe, hawakai meza moja, wala hawatazamani usoni. Kijijini hilo ni jepesi, kila mtu ana nyumba yake na uwanja wake. Kwenye chumba kimoja cha Discovery Gardens heshima hiyo utaiweka wapi? Baba, aliyekuwa amekuja kumpokea, alichukua mto na blanketi akaenda kulala kwa mwenzake Jebel Ali. Ijumaa alikuja akasimama kwenye korido karibu na lifti, Kukhu akakaa ndani akiupa mlango mgongo, na Mama akasimama kizingitini kupokea maneno ya huku na kuyapeleka kule, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie mwenye nyumba nimefika salama."

"Mwambie Mama nimefurahi."

Wahindi wa mlango wa pili walipita wakatusalimia kwa wasiwasi. Mimi nilidhani Baba na Kukhu wamegombana, na kwamba familia yetu imeshaanza kutawanyika.

Neno hilo, kutawanyika, nililitoa kwa Kukhu mwenyewe. Asubuhi akipepeta wimbi wake alinisimulia utoto wake, na utoto wake ulikuwa wa mgodini. Enzi za ukoloni Wazungu walichimba dhahabu Kakamega, na babake alikuwa mmoja wa waliotelemka chini na taa ya kichwani, akarudi jioni na tope hadi ndani ya masikio. Waliishi kwenye laini, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja. Kulikuwa na king'ora cha zamu, na duka lililouza biskuti kwenye debe, na klabu ya Wazungu ambayo nyasi zake zilikatwa fupi kuliko nywele za wanafunzi. Aliniimbia hata king'ora. Nilitaka sana kwenda kuishi kwenye laini zile, mpaka aliponieleza mwisho wake. Dhahabu ilipungua, Wazungu wakafunga virago, king'ora kikanyamaza, na watu wakapakia magodoro kwenye lori.

"Wakaenda wapi?" nikauliza.

"Kila mtu na njia yake. Mgodi ukiisha, watu hutawanyika."

Akaendelea kupepeta, lakini alikuwa ameacha kutazama ungo.

Ijumaa iliyofuata, Baba akiwa kwenye korido, Kukhu akageuza uso kidogo na kumwambia Mama, "Mwulize mwenye nyumba, huu mgodi wao wa hapa bado una kitu?" Baba akacheka hadi sauti ikazunguka kwenye ngazi. Akasema mama mkwe aambiwe dhahabu ya Dubai bado iko tele, na wiki ijayo apelekwe akaione. Leo najua walikuwa wakizungumzia kazi, maana mwaka ule makampuni mengi yalikuwa yakipunguza watu na kila Mkenya alikuwa akimpigia mwenzake kumuuliza kama bado yupo. Lakini mimi niliyachukua maneno yalivyo. Nikapiga hesabu yangu: Kukhu akiuona mgodi umejaa, atarudi kwao peke yake. Akiukuta mtupu, lori linakuja, na sanduku langu liko tayari chini ya kitanda.

Wa kututembeza alikuwa anti Mwajuma, Mtanzania wa Morogoro aliyeshona mabuibui kwenye duka moja huko Naif. Yeye na Mama walikutana kwenye foleni ya kupimwa damu ya visa, na urafiki wa foleni ile haufi. Alitupokea Deira, kwenye mlango wa soko la dhahabu, akapiga goti kidogo mbele ya Kukhu. "Shikamoo, Bibi."

"Mzuri," Kukhu akajibu. Kisha akamvuta Mama pembeni. "Bibi ya nani? Mwambie bwana yangu alikufa na sitafuti mwingine."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Mwajuma akaeleza kwamba kwao bibi ndiye mzaa mama, na kwamba nyanya wao wanaitia kwenye mchuzi. Kukhu alilifikiria hilo kwa muda, akasema Watanzania ni watu wa ajabu, na kutoka hapo walishikana mikono siku nzima.

Sokoni kulikuwa na dhahabu ya kutosha kumtia mtu kizunguzungu. Kulikuwa na mikufu mipana kama vizibao, mikanda, mataji, na pete moja kubwa ambayo hata tembo ingempwaya. Mimi nilimtazama Kukhu usoni kuona kama anaridhika. Hakuridhika. Alisimama mbele ya kioo akasema, "Hii imeshapikwa. Mimi nauliza inakotoka." Muuzaji Mhindi alidhani anataka kupunguziwa, akatoa kikokotoo. Mama akamfafanulia swali. Yule bwana akacheka kwa adabu, akasema dhahabu yote inakuja kwa ndege, hapa hakuna hata chembe chini ya mchanga.

"Kumbe dhahabu nayo imekuja kwa visa," Kukhu akasema, na wakubwa wote wakacheka. Mimi sikucheka. Hapakuwa na mgodi. Tulikuwa tumekaa Dubai miaka yote hiyo juu ya mchanga mtupu.

Ndipo Mwajuma akasema maneno yaliyonifufua. "Nisubirini hapo kivulini kidogo," alisema, "nikachimbe dawa."

Sikungoja. Mtu akichimba dawa, basi anajua mahali pa kuchimba, na penye dawa hapakosi dhahabu. Nikamfuata nyuma kwa nyuma kwenye vichochoro, tukipita magunia ya ndimu kavu na maua ya waridi, hadi nyuma ya msikiti ambako aliingia kwenye mlango wa kijani akafunga. Nikasimama nje. Nilisikia maji mengi, jambo lililonitia moyo, maana Kukhu alinieleza kwamba dhahabu huoshwa. Alipotoka akikung'uta mikono nikamkingia viganja vyangu.

"Umeipata?"

"Nimepata nini, mwanangu?"

"Ulichochimba."

Mwajuma alinitazama, akatazama mlango wa choo, akakaa chini juu ya ngazi ya watu. Alicheka kwa muda mrefu, akitoa sauti ndogo kama ya cherehani. Kisha akanieleza kwamba kwao, basi la safari ndefu likisimama porini na abiria wakiingia vichakani kila mmoja na upande wake, husemwa wanachimba dawa. Nilimsihi asiwaambie wengine. Aliwaambia kabla hatujafika.

Tulivuka mkono wa bahari kwa abra, mashua ndogo ya abiria, hadi Bur Dubai, Kukhu ameshika koti lake kwa mikono yote miwili na kumwomba Mungu kwa sauti. Ng'ambo kulikuwa na ngome ya zamani iliyogeuzwa jumba la makumbusho, kuta zake za mawe ya matumbawe, mizinga langoni. Kwangu ilikuwa nyumba mbovu tu, na nilikuwa nimechoka na nimeaibika. Tukapita uani, tukapita chumba chenye majambia. Kisha njia ikaanza kuteremka.

Iliteremka kweli. Mwanga wa jua ukabaki nyuma yetu, hewa ikawa baridi, na harufu ile ikanijia puani. Chini kabisa, gizani, nyundo ilikuwa ikigonga chuma. Kukhu alisimama. Alivuta pumzi kwa pua, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hapa ni wapi?"

Mimi nilijua ni wapi. Niliachia mkono wa Mama nikakimbia mbele. Na wote walikuwepo: wanaume wenye ndevu wamekaa mbele ya tanuri, mwingine ameinua nyundo, mwingine amebeba gunia, taa ndogo za manjano juu yao. Hawakutikisika. Hilo halikunishangaza, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ni mapumziko. Kwamba nyundo iliendelea kugonga wakati mwenye nyundo amepumzika, hilo sikuliona.

"Kukhu," nikaita, "njoo uone. Mgodi ndio huu."

Watalii wawili Wazungu waligeuka. Mama alifungua mdomo anisahihishe, lakini Kukhu alimgusa bega akamzuia. Alikuja polepole, akasimama mbele ya kila sanamu, akamsalimia kila mmoja kwa kichwa, jinsi anavyowasalimu watu msibani. Mwajuma alitaka kucheka, akaacha.

Mwishoni tulifika mahali palipotengenezwa kama chini ya bahari, bluu tupu. Mtu alikuwa akining'inia pale, kamba imemfunga, kibanio kimebana pua yake, kikapu cha chaza shingoni. Mama akatusomea maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Watu wa hapa walizamia lulu zamani, kabla ya mafuta, miezi mizima baharini. Mzamiaji alishuka, na mwenzake juu alishika kamba. Baadaye lulu zikakosa soko, na njaa ikaingia mjini.

"Lulu zilipoisha, walitawanyika?" Kukhu akauliza.

Mama akatafuta kwenye maandishi. "Wengine waliondoka," akasema. "Wengine walibaki."

Baada ya hapo wakahamia Kiluhya, na mimi Kiluhya nilikuwa sikijui. Kukhu alisema mengi, taratibu, macho yake kwa yule mzamiaji. Mama alijibu mara moja au mbili. Akakaa kwenye ukingo wa ukuta, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanacheza. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akilia. Mwajuma alinishika mkono akanivuta pembeni eti tutazame samaki.

Mimi niliamini ninaelewa kilichotokea. Kukhu, ambaye alikulia mgodini na hadanganyiki, amekagua na kugundua kwamba mgodi umekwisha. Nikajichomoa mikononi mwa Mwajuma, nikakimbia kule mbele kutafuta ushahidi. Nikaupata kwenye kabati la kioo, chini ya taa: bangili, vipini, na shanga za kale zilizong'aa. Nikarudi mbio, nikamshika Kukhu koti na kumburuta hadi pale.

"Ona, Kukhu. Bado ipo. Haijaisha."

Akainama, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu lakini alikuwa akicheka, na akamwambia Mama kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Umesikia mwenye mgodi? Bado ipo. Sasa huyu ataondokaje? Nani atalinda?"

Nilirukaruka mle chini hadi askari akaja kuniambia nitulie. Usiku ule Kukhu mwenyewe alilivuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda, akazitoa nguo zangu, akaweka unga wake wa wimbi.

Hakuondoka wiki iliyopangwa. Baba alihangaika na visa yake, ikaongezwa, na Kukhu akakaa nasi msimu wote wa baridi hadi joto lilipoanza kutuchoma. Alinipeleka shuleni na kunipokea, na akapanda kunde kwenye ndoo barazani. Mchumba wa msichana yeyote wa chumba cha pili akija kutembea, Kukhu alimuuliza anaoa lini. Ijumaa zake Baba alirudi kulala nyumbani, kwa pazia zito walilolifunga katikati ya chumba, na nyuma ya pazia hilo aliendelea kuzungumza na mama mkwe wake kupitia kwa Mama, na Mama akiwa kazini, kupitia kwangu. Nilikuwa mtu mkubwa sana wakati huo. Mama alipopata zamu ya mchana tu, saa ambazo nilikuwa shuleni, ndipo Kukhu alipopanda ndege. Shuleni niliwasimulia wenzangu kwamba chini ya ngome ya Bur Dubai kuna mgodi, na nilipigana na mvulana mmoja aliyebisha.

Miaka ikapita, nikajua sanamu ni sanamu. Lakini sehemu moja ya imani ile ilibaki nami hadi ukubwani: kwamba Kukhu alikuja kunichukua, nami nikamshinda kwa kumwonyesha dhahabu. Niliisimulia kwenye karamu, watu wakacheka, na nilijisikia shujaa kidogo kila mara.

Juzi, baada ya harufu ya maegesho kunipata, nilifika kwenye gari langu nikampigia simu Mama, ambaye sasa amerudi kuishi Kakamega. Nilikuwa nimekwama. Mume wangu amepelekwa na kazi Saudia, zamu zangu hazieleweki, na yaya ameondoka. Nilimwomba amchukue binti yangu mwaka mmoja tu, hadi mambo yakae sawa.

"Ile siku ya mgodi," Mama akasema, "unadhani Kukhu alikuja kukuchukua kwa kutaka kwake? Ni mimi nilimwita. Sanduku nililifunga mimi."

Kisha akanitafsiria, kwa mara ya kwanza, yale maneno ya Kiluhya mbele ya mzamiaji. Mgodi wa Kakamega ulipofungwa, wazazi wa Kukhu walifuata kazi kwenye machimbo ya shaba huko Kilembe, Uganda. Walimwacha kwa nyanya yake, wakasema ni kwa muda mfupi. Mamake aliporudi, Kukhu alikuwa msichana mkubwa, na walisalimiana kwa kupeana mikono kama wageni. "Simchukui mtoto," Kukhu alimwambia Mama. "Nitakaa mimi, hata kama ni nyumba ya mkwe wangu, na aibu nitaibeba. Lakini usije siku moja ukampa huyu mkono kama mgeni."

Niliweka mifuko chini, nikaegemea gari.

"Kwa hivyo na mimi jibu langu ni hilohilo," Mama akasema. "Nitafutie visa. Na bwanako akirudi likizo, aanze kufikiria atalala wapi."

Nikacheka na kulia kwa pamoja pale chini, mifuko miguuni. Binti yangu alikuwa kiti cha nyuma, mlango wazi, na alikuwa amesikia yote. Alinitazama kwa macho makavu ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu yake.

"Kukhu anakuja kunichukua?" akauliza. Kukhu wake yeye ni Mama.

"Hapana," nikamwambia. "Anakuja kukaa."